Baba Mkubwa Ataketi Chini

Maseno, 19 Januari 2025

Mama Mdogo Taaka,

Kuna kitu sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio nilimruka: nataka kumwaibisha Baba Mkubwa Dalmas. Sitaki kumkasirikia tu halafu yapoe. Nataka watu wawe wengi, avae ile suti yake ya krimu, na siku hiyo wamwone vile mimi ninavyomwona kila siku.

Pole, nimeanza bila salamu. Mama angeuliza nimelelewa na nani. Mulembe, Mama Mdogo. Mimi ni mzima, niko kidato cha tatu sasa. Kuku wa mama wamebaki watatu, wengine wamechinjiwa wageni wa Baba Mkubwa. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Dholuo wewe huisomi, na Kisamia mimi nakisikia tu, kukiandika sijui. Mama ndiye alikuwa akikiongea na mimi, jikoni. Baada yake hakuna mtu.

Sijui uliambiwa nini kuhusu mazishi, kwa hivyo nitakuambia nilichoona. Watu wa kwenu walikuja kwa lori kutoka ng'ambo ya mto, Mjomba Wafula akiwa mbele. Waliposhuka wakaanza ule wimbo wenu wa kumsindikiza binti. Walikuwa hawajafika hata katikati. Unajua baba yangu Oyugi alikufa nikiwa darasa la pili, kwa hivyo Baba Mkubwa, kaka yake, ndiye mwenye boma. Akamwambia DJ, "Opondo, weka muziki. Juu kabisa. Hapa ni Kogwal, si Bugwali." Spika zikaanza. Nilimwona Mjomba Wafula mdomo unaenda lakini sauti hakuna. Wakazika, wakapanda lori, hawakula. Mimi nilikuwa nimeshika picha ya mama na sikusema kitu. Wewe unanijua, hata nikiulizwa jina langu darasani natazama chini.

Na msalabani akaandika "Nyar Samia, mke wa Oyugi". Binti wa Samia, basi. Ndivyo wake huitwa huku, kwa jina la kwao, na mama hakuchukia majirani wakimwita hivyo. Lakini kaburini? Jina lake, Nabwire, haliko popote. Mtu akipita hajui ni nani amelala pale.

Mimi najua ni kwa nini. Kijiji ni kimoja, mto umekikata katikati, Waluo wanakiita Kogwal, Wasamia Bugwali, na mama ndiye aliyeandika majina yote mawili kwenye kibao cha ufuo, pale samaki wanapopimwa, alipokuwa mwalimu wa shule yetu ya msingi. Baba Mkubwa akalifuta la pili kwa rangi nyeusi. Mama akaliandika tena, naye akalifuta tena. Tangu hapo ilikuwa vita.

Sasa sikia kichekesho. Anataka kiti cha wadi katika uchaguzi wa 2027, na Wasamia ni karibu nusu ya wadi. Kwa hivyo Agosti, mama akitimiza mwaka, anaweka jiwe jipya kaburini, lenye Kisamia. Krismasi aliniita mbele ya wageni: "Wewe si ndiye nusu Msamia hapa nyumbani? Niandikie kitu kitamu cha watu wa kwenu." Yeye Kisamia anajua kusalimu na kuuliza bei ya dagaa wa omena, mwisho hapo.

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Mama Mdogo, nipe maneno. Nipe tusi baya kuliko yote unayoyajua, livae nguo za sala. Alilipie, alifunue mwenyewe, apige makofi, na watu wa kwenu walisome.

Nijibu kwa sanduku la shule. Madam Rachael, matroni wetu, hafungui barua za nje. Anang'oa stempu tu, anasema ni za mtoto wake.

Dorca wako


Olszynka, 2 Machi 2025

Dorca mwanangu,

Mulembe. Barua yako nimeipata, nikaisomea kwenye ngazi ya jikoni, nikaisoma tena. Mimi ni mzima. Theluji inayeyuka, matope ni kama ya kwetu, ila haya yanauma vidole. Katika hii nyumba ya wazee tumezika wawili tangu Krismasi, na mmoja ameposa muuguzi. Mwambie Madam Rachael nimemwekea stempu yenye ndege.

Hilo uliloniomba, niache nalo kidogo. Nikuambie kwanza ninapokaa, maana hujawahi kuniuliza.

Na hapa pia kijiji kina majina mawili. Kibao cha barabarani kinasema Olszynka kwa Kipolandi, na chini yake Erlenau kwa Kijerumani. Yote yanatokana na mti mmoja unaopenda maji, umejaa kando ya kijito kama mafunjo ya kwetu. Barabara ni moja, ndefu, nyumba zimejipanga huku na huku, kanisa katikati. Nyuma ya nyumba kuna viazi na shayiri, nyuma ya shayiri msitu wa misonobari, na nyuma ya msitu mto mkubwa wa Odra. Kilima hakuna. Mwaka wa kwanza nilizunguka nikitafuta mahali pa kupanda nione mbali, nikakosa.

Mpaka mwaka 1945 hapa palikuwa Ujerumani. Vita ilipoisha wakubwa wakachora ramani upya, ikawa Poland. Wengi walifukuzwa na walichoweza kubeba. Wale waliojua Kipolandi cha huku waliachwa, lakini kwa masharti: Kijerumani wasikiseme tena, hata mezani kwao. Watu wakabadilishiwa majina. Na katika zile nyumba zilizobaki tupu wakaletwa Wapoland waliokuwa wamefukuzwa makwao, mashariki kule. Kwa hivyo kila mtu hapa ana mtu wa kumchukia, na wote wanakutana kwenye duka moja la mkate.

Bibi ninayemwogesha asubuhi alizaliwa Hedwig, shuleni wakamwandika Jadwiga. Anaitikia yote mawili, ila akikasirika na wewe haitikii lolote. Baba yake alikuwa fundi mawe wa kijiji. Siku moja ikaja amri kwamba Kijerumani kifutwe kila mahali, hata makaburini, na karani mmoja wa hapa akamwambia aanze na kaburi la baba yake mwenyewe.

Nitamalizia siku nyingine, kengele inalia chumba cha tano.

Umesema hujui niliambiwa nini. Kweli, hujui.

Mama Mdogo wako,
Taaka


Kogwal, 17 Aprili 2025

Mama Mdogo,

Shikamoo, na Pasaka njema. Huku tumefunga shule. Mvua ni nyingi, ziwa limepanda hadi kwenye mti wa kufungia mitumbwi, na kiboko amekula mahindi yetu ya upande wa chini. Mimi sijambo.

Nilikuomba maneno, ukanitumia jiografia.

Usikasirike. Hiyo barua niliisoma mara nyingi, na huyo karani wako namwona kabisa, ana tumbo la Baba Mkubwa. Lakini mimi nina mpaka mwisho wa Juni. Jiwe linachongwa na fundi Tom kule Nyamasaria, pale kando ya barabara ambapo misalaba imeegeshwa kama baiskeli, na anataka maneno mapema kwa sababu ana foleni. Nisipotoa mimi, Baba Mkubwa atatafuta mtu mwingine.

Nikuambie ya hapa uone kama una moyo wa kungoja. Jumanne alienda ufuoni na kijana wa kupiga picha. Akashika brashi, akaandika "Bugwali" chini ya "Kogwal" kwenye kile kibao. Yeye mwenyewe! Rangi ilimtiririkia mkononi. Wanawake wa omena wakapiga vigelegele. Mmoja wao, Mama Kageha, aliyekuwa rafiki ya mama, akamwambia, "Lakini Bwana Dalmas, si jina hili ulilifuta wewe?"

"Mimi? Mama, hilo lilifutwa na jua."

"Jua la huku lina brashi?"

Watu wakacheka na yeye akacheka zaidi yao. Ndiyo kipaji chake, anacheka zaidi. Jioni mezani akasema mama alikuwa mtu wa maono, ati walikuwa wanashauriana sana. Nilikuwa nikimnawisha mikono. Nilimmwagia maji hadi kwenye shati na akasema, "Pole pole, nyathina." Mtoto wangu! Nikasema pole. Kila kitu mimi nasema pole.

Halafu akaongeza, akitafuna, "Ila dada yake huko Ulaya hakuona haja ya kuja kumzika. Watu wa kwao wako hivyo."

Sikumwamini. Lakini Mama Mdogo, mbona hukuja? Nilikutafuta kwenye lile lori. Mbona unaniandikia habari za Bibi Hedwig na hilo unaliruka?

Hii barua naiandika na karai la omena kando, mtu akiingia naifunika nalo. Ndiyo maana inanuka.

Dorca


Olszynka, 11 Mei 2025

Dorca mwanangu,

Barua ilinuka kweli, na nililia kwa sababu ya hiyo harufu. Ukiambiwa kuna mtu Poland alibusu karatasi ya omena, usikatae.

Nashukuru Mungu kwa afya. Viazi vimepandwa, vijana wa hapa wamerudi kutoka kazi za Ujerumani kwa ajili ya komunyo za watoto, kanisani leo misa ya asubuhi ilikuwa ya Kijerumani na ya jioni ya Kipolandi, na ni watu walewale wamekwenda zote mbili kwa sababu ya keki.

Sasa nakujibu. Nilikuwa na tiketi. Dalmas alinipigia simu akaniambia dada yangu anazikwa Jumamosi, nisiwe na wasiwasi, watanisubiri. Nikakata tiketi ya kufika Ijumaa. Alhamisi niko na begi mlangoni, simu ikalia. Ni Wafula. Aliinyoosha tu simu hewani ili nisikie. Nikasikia wimbo wa kwetu ukianza. Nikaketi chini hapo kwenye kibaraza, nikaanza kuimba nao. Halafu nikasikia spika. Hivyo ndivyo nilivyomzika Nabwire, siku mbili kabla ya siku niliyoambiwa. Sikutaka ujue, kwa sababu unakula kwake na analipa shule yako, na chuki ya mtu anayekulisha ni ngumu kumeza. Naona umeshaimeza bila mimi. Kwa hivyo usidhani unaandikiana na malaika.

Tusi sitakupa. Nisikilize kabla hujanuna. Tusi litakuwa la Dalmas, lakini litakaa juu ya kifua cha mama yako, na yeye ndiye atalala chini yake miaka yote. Dalmas atalia siku moja, kisha atacheka zaidi yao.

Nimalizie habari ya fundi. Karani alimpa saruji azibe herufi zote za Kijerumani. Fundi akavua kofia, akasema ndiyo bwana. Akachanganya saruji kidogo na mchanga mwingi sana, akaziba, akalainisha, ikapendeza. Karani akaridhika. Ukapita msimu wa baridi, maji yakaingia, yakaganda, na ilipofika Pasaka mchanga ukaanza kumomonyoka. Herufi moja, mbili, na jina likaanza kurudi. Karani akamwita, "Ziba tena." Fundi akavua kofia, akaziba tena, kwa mchanga uleule. Miaka, Dorca! Kila Pasaka karani anaenda misa, kila Pasaka wafu wanamwangalia kwa majina yao. Hadi akawa hapiti tena njia ya makaburini, anazunguka kwenye matope ya mashamba na viatu vyake vya kazi. Hedwig akifika hapo anacheka hadi namgonga mgongo.

Mimi nataka Dalmas apite matopeni.

Ule wimbo aliouzima, unajua mwanzo wake tu kwa sababu mwanzo ndio ulioimbwa. Katika ukoo wetu ukishaanzishwa penye kaburi la binti haukatwi, na ukikatwa unabaki ukidai. Mwishoni waimbaji humwita mwenye boma. Hukaa chini, kwenye udongo mtupu, si kwenye kiti, si kwenye mkeka, na huulizwa: tulikupa nani? Ajibu kwa jina la binti, na kijiji alikotoka. Akijibu vibaya anaulizwa tena, mpaka aseme sawa. Ndipo ndugu hukubali kula kwake. Dalmas analijua hilo, aliliona kwenye mazishi ya bibi yako. Ndiyo sababu alikimbilia spika.

Karatasi ya pili ina jina la mama yako na mstari mmoja wa Kisamia. Ni mstari wa kwanza wa wimbo, basi. Mpe fundi kama ulivyo. Wafula nimeshamwambia. Watu wa kwetu wakiusoma juu ya kaburi hawawezi kuuacha ukining'inia.

Na kama atakufukuza shule, ada nitalipa mimi. Usiogope kwa sababu hiyo. Ogopa kwa sababu nyingine ukitaka.

Taaka


Maseno, 22 Juni 2025

Mama Mdogo,

Mulembe. Nakuandikia upesi, tuna mitihani na nimeazima kalamu. Mimi mzima. Madam Rachael amekusalimu kwa sababu ya ndege.

Imefanyika. Jumapili iliyopita Baba Mkubwa alikuja siku ya wazazi, akakaa kwenye gari na mlango wazi, nikampa karatasi. Mikono ilikuwa imelowa jasho hadi nikahofia wino.

"Ni hii tu? Mstari mmoja?"

"Ndiyo, Baba."

"Unasemaje?"

Mama Mdogo, nilikuwa nimejiandaa wiki nzima kudanganya, na sikuhitaji. Nikasema, "Ni maneno ya watu wa kwao ya kumsindikiza binti."

"Safi sana." Akaikunja. "Na hili jina, Nabwire. Tusiseme tu Nyar Samia, ndivyo watu wanamjua?"

Nikatazama chini. Halafu nikasikia mtu anasema, "Wasamia wa wadi wanamjua kama Nabwire. Mwalimu Nabwire." Ni mimi niliyesema. Akanitazama kama mbuzi ameongea, kisha akachukua kalamu akaandika pembeni: JINA LIWE KUBWA. Akaniombea ruhusa ya mchana, tukaenda Nyamasaria akampa fundi Tom, na mimi nilikuwa nyuma ya gari nikiuma kidole. Tom alisoma Kisamia chote kama mtu anasoma nambari ya gari, akauliza, "Rangi ya dhahabu au nyeupe?"

"Dhahabu," Baba Mkubwa akasema.

Kitu kimoja kinanisumbua. Yeye hajui Kisamia. Akiulizwa, atajibuje? Nani atamwambia maneno?

Dorca


Olszynka, 20 Julai 2025

Dorca mwanangu,

Mulembe. Hedwig amefariki Jumatano, akiwa usingizini. Ndiyo maana nimechelewa, niliomba nimvalishe mimi. Jiwe lake litakuwa na majina yote mawili, watoto wake wamegombana wiki nzima kuhusu lipi litangulie na wamekubaliana yawe mstari mmoja.

Ruhusa ya kuja Agosti nimenyimwa, wauguzi ni wachache. Nitaketi kibarazani na simu tena.

Umeuliza nani atamwambia maneno. Katika wimbo wetu mwenye boma asiyejua lugha hupewa maneno na mtoto wa marehemu. Nilijua tangu mwanzo, nikanyamaza usije ukakataa. Ni wewe. Usinong'one.

Taaka


Kogwal, 18 Agosti 2025

Mama Mdogo Taaka,

Mulembe, mulembe sana. Sote wazima. Mjomba Wafula alisema simu ilikatika baada ya jina, kwa hivyo nakuandikia yote, na nakuandikia kwenye meza ya mama, mchana.

Jumamosi asubuhi ilinyesha. Mahema yalikuwa yamefungwa lakini pale kaburini hakukuwa na hema, palikuwa na udongo mwekundu umelowa kabisa. Baba Mkubwa alivaa suti ya krimu. Lori la watu wa kwenu lilifika, na nyuma yake pikipiki nyingi, sikujua Bugwali ina watu wote hao. Alishika maikrofoni akasema, "Mulembe! Mulembe!" kama mara kumi, akasema hakuna Kogwal bila Bugwali, akasema yeye na marehemu walikuwa kitu kimoja. Mama Kageha alikohoa kwa nguvu. Halafu Baba Mkubwa akavuta leso iliyofunika jiwe, likaonekana.

Ni zuri, Mama Mdogo. NABWIRE, kwa dhahabu, unalisoma ukiwa barabarani.

Makofi yakapigwa upande wetu. Upande wenu walikuwa wanasoma. Bikizee mmoja aliyeshikwa mkono akausoma ule mstari kwa sauti, neno kwa neno. Baba Mkubwa akatabasamu, akidhani wameguswa. Kisha Mjomba Wafula akaanzisha wimbo.

Nilimwangalia Baba Mkubwa. Aliutambua pale pale, uso ukakunjamana. Opondo alikuwa ameshaweka mkono kwenye mashine ya muziki, anamtazama, anangoja kichwa kitikisike. Baba Mkubwa akawatazama wale watu wote. Simu zilikuwa zimeinuliwa zinarekodi. Nadhani alizihesabu kura zake. Akamwonyesha Opondo kwa kiganja: acha.

Wimbo ukafika pale ulipokatwa mwaka jana. Napajua. Ukapapita. Mama Mdogo, sikujua unaendelea vile! Sikujua kuna sehemu wanawake wanajibu. Nililia lakini nilikuwa nimesimama wima.

Kisha wakamwita mwenye boma. Mtu akaleta kiti cha plastiki. Mjomba Wafula akakisogeza kando kwa mguu.

"Hapo, Bwana Dalmas."

"Hapo wapi?"

"Hapo chini."

"Pamelowa, ndugu yangu."

"Tunaona."

Akacheka. Akangoja watu wacheke. Hakuna aliyecheka. Akavuta suruali magotini, akainama, akaketi kwenye udongo. Niliusikia udongo ukifanya sauti. Wakamuuliza kwa wimbo: tulikupa nani? Akajibu, "Nyar Samia." Wimbo ukarudi nyuma, ukaanza kuuliza tena. Akapaza sauti, ati pengine hawakusikia: "Nyar Samia!" Ukarudi tena. Maji yalikuwa yanapanda kwenye krimu. Ndipo akageuka kunitafuta mimi.

Sasa hili ndilo nililotaka ulijue. Nilikuwa nyuma yake, karibu, na ningeweza kumpa jina mara moja. Nilinyamaza. Watu wote walidhani ni aibu yangu ile ya siku zote, hata Mama Kageha alinisukuma kidogo, "Haya mtoto, usiogope." Sikuwa naogopa. Nilimwacha aulizwe tena, na tena. Maisha yangu yote nimenyamaza kwa sababu nimeshindwa kusema. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunyamaza kwa sababu nimetaka.

Halafu nikasema. Sikunong'ona. Nikasema kwa Kisamia jina la mama yangu na jina la kijiji chake, na sauti ilienda hadi kwa pikipiki. Akarudia nyuma yangu, akakosea, nikamsahihisha kama mwalimu, akarudia. Nabwire, binti wa Bugwali. Wimbo ukapokea. Ukafungwa. Wanawake wa kwenu wakamwinua, na suti ilikuwa na ramani nzima nyuma.

Walikula, Mama Mdogo. Walikula kwetu, wakaosha na sufuria.

Si kila kitu kimekuwa kama nilivyoota. Picha yake akiwa chini imezunguka kwenye simu zote, lakini wengine wa kwenu wanasema ati ni kiongozi mnyenyekevu. Huenda kura atapata. Nilipolisikia hilo niliuma ulimi hadi damu. Lakini jana aliamka mapema kwenda ufuoni, na njia ya kawaida inapita kaburini. Nilimwona kwa dirisha. Alisimama akalitazama lile jina, kisha akakata kushoto, akazunguka kwenye shamba la mahindi, na viatu vyake vya ngozi. Nilicheka kama Bibi Hedwig.

Sijamsamehe. Sikuambii hivyo ili unipe ushauri.

Ameshajua kuna mtu alinisaidia. Leo asubuhi aliuliza, "Yule wa Poland huwa anakuandikia nini?" nikasema, "Salamu." Akasema tutaongea. Barua zako zilikuwa kwenye debe la unga, nimezitoa, ziko hapa mezani na hazijafunikwa na kitu. Nyuma ya karatasi hii nimeandika wimbo wote kwa Kisamia, Mjomba Wafula alinitajia na mimi nikaandika. Nisahihishe nilipokosea.

Anakuja sasa. Namjua kwa viatu, kimoja kinalia tangu apite shambani. Amepita jikoni. Karai liko hapo chini, mkono wangu umelifikia wenyewe, nimeurudisha.

Sifuniki. Asome akitaka, na akikwama kwenye Kisamia nitamsomea mimi.